Karai Lililooshwa kwa Udongo

2 Machi

Nimenunua vigoda vya plastiki, vyekundu na vya buluu, vile watu wanavyokalia wakifua nguo. Muuzaji kule Kongowea akaniuliza, "Bi mkubwa, wafungua dobi?" Nikamwambia nafungua Bangkok. Alicheka mpaka akakohoa. Acha acheke.

Mama Noi, aliyenifundisha kazi kwenye hoteli ya Kithai kule Nyali, alikuwa akinambia kwao mji mzima hula njiani. Tajiri na bawabu wake wote wamechutama kwenye vigoda kama hivi, bakuli la tambi mkononi, magari yanawapita. Mwanzo wa mwaka huu hoteli ilifungwa. Mwenye hoteli alisema wageni hawaji tena, akauza meza, akauza viti, Mama Noi akarudi kwao na sisi tukarudi majumbani. Mimi niliomba kitu kimoja tu, niuziwe karai langu. Miaka yote niliyokaa pale ndilo nililopikia, kuku, kamba na ngisi, na hakuna mtu mwingine aliyelishika.

Nitafanya kazi na Gershom. Naye alikuwa mpishi pale pale, Mgiriama wa Utange, Mkristo, mtu mpole wa kusema polepole, lakini akikata kitunguu kisu hukioni. Tutauza kando ya barabara ya Malindi, hapa hapa Kisauni, mbele ya duka lililofungwa. Kuku nanunua mwenyewe kwa mchinjaji wetu, Mwislamu, ninamwona anavyochinja.

Naandika haya kwa sababu Mama Noi aliandika kila siku: mvua, jua, nani amenuna. Na naandika pia ili nijikumbushe kwamba hii ikikataa sina jingine. Dalali wa Saudia ameshapita kwa mamangu kuuliza kama niko tayari kwenda kufanya kazi za nyumbani huko. Siko tayari. Nimechoka kupikia watu wasionijua. Nataka kupika kwetu.

5 Machi

Siku ya kwanza. Badi wa tuktuk ndiye mteja wa kwanza. Akaonja supu ya kamba, akakunja uso, akanitazama. "Johari, hii supu au dawa ya kikohozi?" Nikamwambia kunywa, utapona. Akala mabakuli mawili na akawaita wenzake.

Najua kwa nini wameipenda. Ni tui, ndimu, mchaichai, pilipili. Tambi zenyewe nazitia ukwaju. Vyote viko jikoni kwetu tangu enzi za bibi zetu, mpangilio tu ndio mgeni. Kitu kisicho chetu ni tangawizi ya Kithai, ile nyeupe yenye miviringo, na ile chupa ya maji ya samaki, ambayo yanuka lakini ikishaingia motoni hujui kama ilikuwepo.

9 Machi

Vigoda havikutosha. Watu walikula wamesimama. Nimempelekea Mama Noi video, amenijibu kwa sauti, anacheka, nyuma yake nasikia honi za mji wake.

12 Machi

Ramadhani mosi. Mchana hatuuzi, tunaandaa. Gershom hafungi, lakini tangu asubuhi sijamwona akitia hata maji mdomoni mbele yetu. Nilimwambia, "Gershom, nenda kando ule." Akasema, "Nitakula jioni na nyinyi, dada. Raha gani kula peke yangu?"

Kabla ya maghribi nimepeleka mabakuli ya supu kwa majirani kama tufanyavyo sote. Yamerudi na kaimati, na mkate wa sinia, na viazi vya nazi kutoka kwa Bi Ikhlas wa nyumba ya pili. Hapa kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Hata mwenye dhiki ataweka tende mbili.

15 Machi

Nimefurahi, mpaka naogopa. Bi Ikhlas amekuja kibandani mwenyewe na buibui lake jipya, na kichochoro chote chajua kwamba Bi Ikhlas haendi kula njiani. Amekaa kwenye kigoda chekundu! Amekula tambi za ukwaju, amefuta mdomo, akasema mbele ya watu wote:

"Bi Mwanasiti amezaa mpishi."

Bi Mwanasiti ni mamangu. Hakuna harusi kubwa ya Kisauni ambayo biriani yake haikupikwa na yeye. Leo miguu inamsumbua lakini bado haianzwi shughuli kabla hajaitwa. Mimi niliyekwenda kupikia wageni Nyali nilikuwa kama nimejitoa kwenye ukoo wa wapishi. Basi Bi Ikhlas akaongeza kwamba Safa, bintiye, anaolewa mwezi wa tano, na usiku wa wanawake anataka supu yangu, sufuria nzima, kando ya biriani ya mamangu. Mama na mwana kwenye shughuli moja.

Nikamwambia mamangu. Aliamka kitandani akaenda kuutafuta mwiko wake mkubwa, akaufuta vumbi.

19 Machi

Joto. Watu wengi. Mikono yanuka ndimu.

22 Machi

Ningejua ningefunga mapema, ningesema gesi imekwisha, ningesema naumwa.

Tulikuwa tumeshafuturisha watu, vigoda vimejaa. Badi yupo na madereva wenzake. Wanawake watatu wa chama cha akina mama cha Bi Ikhlas wapo. Akashuka mtu kwenye bodaboda, kumbe ni Carolyne. Carolyne alikuwa akihudumia mezani kule hotelini, mtu wa bara, moyo mzuri kabisa, lakini hajui kunong'ona. Akamwona Gershom, akapiga ukelele wa furaha:

"Gersh! Kumbe mlijificha huku! Na ile nguruwe yako ya pilipili, unapikanga bado? Wallai naiota mpaka leo!"

Badi alikuwa na kijiko karibu na mdomo. Akakishusha.

Gershom akasema kwa upole, "Hapa hatupiki hiyo, Carolyne. Hapa ni kuku na vitu vya baharini tu." Alidhani anasaidia. Mimi nami nikadhani nasaidia, nikasema kwa sauti kwamba ile ilikuwa kule, tena ni jiko lingine kabisa, na kikaango kingine, na Gershom alikuwa upande wake na mimi upande wangu. Kila neno nililoongeza lilizidi kuharibu, nami nikazidi kuongeza.

Hakuna aliyegomba. Laiti wangegomba! Mmoja akatazama simu. Wale wanawake wakakumbuka tarawehe, na tarawehe ilikuwa bado kabisa. Walilipa, waliaga vizuri, "Haya Johari, Mungu akuzidishie," na mabakuli yakabaki na supu nusu. Carolyne akala mawili, akashangaa mbona watu wetu wanakula kidogo hivyo.

23 Machi

Wachache.

25 Machi

Nimepeleka mabakuli ya futari kama kawaida. Yamepokelewa kwa maneno mazuri. Yamerudi kabla hata ya adhana ya isha, yameoshwa yang'ara, yana kaimati ndani. Nani anakula supu ya moto haraka hivyo?

Nilimfuata Bi Ikhlas mlangoni. "Asalaam aleikum. Bi Ikhlas, kuna neno?"

"Waaleikum salaam. Neno gani, mwanangu?"

"Nauliza tu."

"Hakuna neno. Sisi na nyinyi tangu lini tukawa na neno?"

Kibandani mtu akipita namwita, "Karibu!" Anajibu, "Nimeshakula." Wote wameshakula. Saa ya kufuturu yenyewe, mtu koo kavu kama mkaa, ameshakula.

28 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha alasiri yote na maji yakashuka kichochoroni, ya rangi ya chai. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikingoja yapungue nitoke. Kwanza niliona mchaichai. Nikasema ah, mchaichai kila nyumba hutiwa kwenye chai. Halafu vikaja vile viduara vyeupe vya tangawizi ya Kithai, ambayo Kisauni nzima anayo mtu mmoja. Halafu wakaja kamba wangu wa jana, wazima wazima, wanaelea kuelekea barabarani.

Maji yalitoka upande wa kwa Bi Ikhlas.

Chakula. Mwezi wa Ramadhani. Nilivua viatu nikaingia kwenye maji nikawaokota, sijui kwa nini, nikabaki nimewashika viganjani. Mamangu akaniita kutoka ndani, "Johari!" Nikaitika, "Abee." Akauliza, "Wafanya nini kwenye mvua?" Nikasema nazibua mfereji.

29 Machi

Mvua. Tumepika, tumemwaga.

30 Machi

Mamangu amesema leo, anachambua mchele, hanitazami. "Mwondoe Gershom."

Nikamwuliza kosa lake ni lipi.

"Sikusema ana kosa. Nasema watu wanamwona yeye ndipo wanakumbuka. Wasipomwona watasahau. Mimi nimewapikia watu hawa umri wangu wote, nawajua. Wataka wao au wamtaka yeye?"

Nilimwambia mtu huyu nimekula kwa mkono wake miaka. Nilipofiwa na babangu alikuja kutoka Utange kwa miguu, matatu zimegoma, akachimba kaburi na wanaume. Mamangu akasema, "Najua. Nilikuwepo." Akaendelea kuchambua mchele.

1 Aprili

Nimemwondoa.

Nilimngoja aweke gunia la mkaa chini. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu daku na yote yalinipotea. Nikasema, "Gershom, biashara imelala. Labda upumzike kidogo."

Akanitazama. Yeye si mjinga. "Dada Johari, wewe wajua."

"Najua."

"Basi waambie."

"Nimewaambia."

"Sasa mbona niende mimi?"

Nilikuwa na jibu lakini lilikuwa la aibu. Alivua aproni akaikunja, kingo juu ya kingo, kama tulivyofundishwa kule. Akauosha ubao wa kukatia ingawa ulikuwa safi. Akapita nyumbani kumuaga mamangu, "Bi Mwanasiti, kwaheri." Mamangu akamjibu, "Mola akulinde, mwanangu." Mwanangu!

Usoni hakuwa na hasira. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira, na sikuwa na wa kumtolea.

3 Aprili

Leo Badi amesimamisha tuktuk, hajashuka. Huyu ni rafiki yangu, ndiyo maana alinieleza.

"Johari, umejiharibia. Watu walikuwa wanasema labda ni uongo. Sasa wanasema, kumbe ni kweli. Kama hakukuwa na kitu, mbona kamfukuza?"

"Nimemfukuza kwa sababu yenu!"

"Najua. Lakini hivyo ndivyo inavyosemwa."

"Basi kaa ule, waone."

Akaangalia usukani. "Nimeshakula, dadangu."

5 Aprili

Nimekwenda kwa Maalim Aqil wa madrasa, nimemweleza mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza bila kunikatiza. Akauliza swali moja tu. "Una yakini kwamba karai hili halikuguswa na nguruwe?"

"Wallahi nina yakini. Halikutoka mkononi mwangu."

"Basi ni safi. Pika. Usilitie shaka kwa mkono wako mwenyewe."

Nilirudi nyumbani nimechangamka kidogo. Mamangu akasikiliza, akasema, "Maalim hali kwako. Wanaokula ni watu wa kichochoro hiki, na wao hawatosheki kusikia. Wataka kuona." Yeye anasema karai lioshwe mbele ya watu, mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa chombo kilichoguswa. Nikamwambia, mamangu, hiki hakikuguswa. Akasema, "Kikishaoshwa nani atakuwa na la kusema?"

Nimekaa nalo hili tangu maghribi. Maalim amenikataza na mamangu amenituma. Lakini Maalim hajapoteza kitu, na mamangu jina lake nalo limo ndani ya karai hilo. Chama cha Bi Ikhlas hawajaja kumjulia hali wiki nzima, na kabla ya haya hawakuwa wanamaliza siku mbili bila kuja.

7 Aprili

Nimeliosha.

Mvua ilikuwa imepumzika. Nililitoa karai nikaliweka katikati ya kichochoro, mamangu akatolewa kiti chake mlangoni ili watu wamwone kwamba yupo. Udongo mwekundu niliuchota shimoni kwa mjenzi. Watu walitoka. Nilivyotaka watoke ndivyo walivyotoka, wanawake milangoni, wengine na watoto mgongoni, Bi Ikhlas mbele kabisa na leso yake kichwani.

Udongo kwanza. Niliusugua kwa kumbi la nazi, ndani na nje na mipini, mpaka kucha zikauma. Halafu maji. Halafu maji. Kila mara nikisema kwa sauti, ya pili, ya tatu, wote wasikie. Nilikuwa nimefunga, jua limetoka kali baada ya mvua, kizunguzungu. Lakini nilikuwa na furaha, Mungu ananiona, nilikuwa na furaha ya mtu anayemaliza deni. Ya saba nilipoimwaga niliinua karai juu, linang'ara, nikasema, "Haya jamani, mmeona?"

Walikuwa wameona. Walitikisa vichwa taratibu. Wakaingia ndani mmoja mmoja.

8 Aprili

Bi Ikhlas amekuja. Ameingia, amekaa na mamangu, ameshika mkono wangu. Ana huruma ya kweli, hilo siwezi kumnyima.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Mungu husamehe. Kukiri si jambo dogo."

"Kukiri nini, Bi Ikhlas?"

"Lakini na sisi tufikirie. Sisi tulikula kabla halijaoshwa. Mimi nilikaa pale nikala, watu wananiona. Swaumu zetu za kumi la kwanza, swala zetu, zimekwendaje? Bora ungetwambia mapema."

Nikamwambia halikuguswa. Wallahi, billahi, halikuguswa.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mgonjwa. "Sasa udongo ulikuwa wa nini, Johari?"

Nikageuka kumtazama mamangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta uzi kwenye leso. Mpishi wa harusi zote za Kisauni, na ndiye niliyemsikiliza, na Maalim alinambia. Sikuweza kumkasirikia, alikuwa mdogo sana kwenye kile kiti.

10 Aprili

Idd. Watoto wa kichochoro wamepita nyumba kwa nyumba kuomba sikukuu, nguo mpya zinameta. Nilikuwa nimeweka peremende na shilingi kwenye sahani mlangoni. Niliwasikia wanakuja, wanacheka, halafu sauti zikapungua mbele ya mlango wetu, halafu zikaendelea kwa jirani.

Mamangu amesema labda wamechoka.

20 Aprili

Mvua. Choo cha nyuma kimejaa maji. Nafungua kibanda kwa sababu kukaa nyumbani ni kubaya zaidi. Wanaokula ni wapita njia wasionijua, wanakuja wakikimbia mvua. Leo mmoja alikuwa ameagiza, akanong'onezwa na mwenzake, akasema samahani, amesahau pochi.

25 Aprili

Mama Noi amenipelekea video ya mji wake usiku. Mvua inanyesha kwao pia. Wametandika maturubai juu ya vigoda na watu wanakula tu chini yake, bega kwa bega, hakuna anayemwuliza mwenziwe sufuria imetoka wapi. Ameandika: Kisauni vipi? Nimemwandikia: Kisauni watu wengi.

29 Aprili

Nimefunga kibanda. Vigoda nimewauzia watu wa kufua.

6 Mei

Nilisikia Gershom anauza Utange. Nimekwenda leo. Nilijiambia nakwenda kuomba radhi.

Ana meza moja chini ya bati, nje ya nyumba yao, na Kafedha mkewe ndiye anayepokea pesa. Watu wamepanga foleni kwenye matope. Anapika zile zile tambi za ukwaju. Aliponiona alifurahi, wallahi alifurahi, akaacha mwiko akanipangusia kiti kwa shati lake. "Dada Johari! Kafedha, huyu ndiye mwenyewe."

Nikasema nimekuja kukuomba radhi. Akasema, "Yameisha hayo. Wewe ulibanwa." Akanijazia bakuli, akalileta kwa mikono miwili. Kamba juu, ndimu kando, kama nipendavyo.

Nikalishika. Lilikuwa la moto, linanukia. Na macho yangu yakaenda kwenye karai lake. Sikuyatuma. Yalikwenda yenyewe: karai jipya, au la mtu? Kuku amechinjwa na nani hapa? Jana alipika nini humu? Ni Gershom, niliyekula kwa mkono wake miaka yote ile bila kuuliza. Yeye alikuwa amesimama ananingoja nionje, anatabasamu, na aliona macho yangu yalikokwenda.

Nikasema, "Nimeshakula."

Tabasamu halikumtoka mara moja. Lilichukua muda. Kisha akalipokea bakuli polepole, akamkabidhi mtu aliyekuwa mbele ya foleni.

"Sawa, dada," akasema. "Msalimie Bi Mwanasiti."

Nilirudi nikilia njia nzima kwa hasira ya kujitazama. Bi Ikhlas sasa namwelewa. Ni kitu kibaya sana kumwelewa.

7 Mei

Mvua.

11 Mei

Mvua. Karai mamangu ameliweka chini ya paa kukinga maji ya kufulia.

17 Mei

Wamemwitia mamangu harusi ya Safa. Alikuja mwanamke wa chama, hakukaa. Wamtaka apike biriani kama kawaida, na vyombo vyote vitakuwa vya kukodi, asijisumbue kubeba chake hata kimoja. Akasimama mlangoni akaongeza, "Na msaidizi tumempatia, Bi Mwanasiti. Usije na mtu."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika taulo.

Alipokwenda, mamangu akasema hatakwenda. Akasema mara mbili. Nikaenda kuuchukua mwiko wake mkubwa, nikaufuta, nikamwekea mapajani. Akaushika kidogo, akaurudisha. "Wamesema nisibebe changu," akasema. Ndipo nikajua atakwenda.

18 Mei

Nyumba kimya. Ngoma ya wanawake naisikia hapa nilipo, na vigelegele. Nalijua kila wimbo. Ingekuwa sasa hivi ndio napakua supu.

19 Mei

Mamangu amerudi amechoka, na bakuli la Bi Ikhlas mkononi, lenye biriani, limefunikwa sahani. "Amekuwekea wewe," akasema. "Amesema, mpe Johari, asije akasema tumemsahau."

Nimekula. Nilikuwa na njaa, na biriani ya mamangu ni biriani ya mamangu. Amekaa ananitazama nikila mpaka nimemaliza. Akauliza, "Chumvi?" Nikasema iko sawa.

20 Mei

Dalali wa Saudia amepita. Safari hii sikumwambia sitaki. Nimempa picha za pasipoti. Ameniuliza kama najua kupika. Nikamwambia kidogo.

Bakuli la Bi Ikhlas liko mezani, limeoshwa.

21 Mei

Nimelizunguka bakuli hilo siku nzima. Kulirudisha tupu siwezi, sikulelewa hivyo, na mamangu angekufa kwa haya. Kupika kitu nikitie ndani, najua kitamwagwa, na mvua itakileta mlangoni kwangu nikione. Hata kaimati. Hata tende, maana nitakuwa nimezishika.

Jioni nimekwenda dukani nikanunua sukari, pakiti ya kilo moja, nikaiweka ndani ya bakuli jinsi ilivyo, imezibwa, karatasi haijaguswa na maji. Nimeipeleka.

Bi Ikhlas ametoka mlangoni. Ametazama ndani ya bakuli. Nimemwona anavyoigeuza pakiti kwa kidole kutazama kama imefunguliwa, halafu uso wake wote ukalainika, akalipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, Johari mwanangu," akasema. "Hii tutaitumia."